Siku Mwalimu Jéthro Alipokwenda Wavuni

Lori lilikuwa limekwama tena, safari hii mbele kidogo ya Maboya, tope jekundu limefika kwenye ekseli, na Godelive alikuwa akimlisha Jéthro ndizi ya kuchoma.

Alimlisha mbele ya watu wote. Aliivunja ndizi, akaipuliza majivu, akamtia mkononi kipande kilicho kinene, kisha akamkazia macho mpaka ameze. Kando yao, juu ya gunia la viazi, aliketi mgeni mmoja, mtu wa kuzunguka nchi za watu, aliyekuwa hajakanyaga Butembo kabla ya juzi wala Beni hata mara moja. Picha ile ilimpendeza. Akasema, kwa Kiswahili chake cha redio, kwamba ana heri kijana mwenye mama anayemjali hivyo.

Lori zima likaangua kicheko.

"Mama yake?" Muyisa, mwenye lori, alipaza sauti kutoka chini topeni, suruali ameikunja magotini. "Papa mgeni, ile ni matusi iko anamulisha! Ule kijana anatafuta kuoa mutoto wake!"

Wakamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Kwao akina Godelive, huko Masereka, kijana akishakubaliwa kuoa binti, hali tena mbele ya mama mkwe wake. Haketi naye benchi moja. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia majanini kumpisha. Heshima hiyo huanza siku mama anapotamka kuwa amekubali, na kabla ya siku hiyo kijana ni mtu baki kama muuza mkaa. Kwa hiyo kila ndizi aliyopewa Jéthro ilikuwa tangazo. Godelive alikuwa akiwaambia abiria wote, bila kufungua kinywa, kwamba huyu si kitu kwangu.

Jéthro alikula ndizi yake mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Vuhovi, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyozidi mikono ya shati. "Merci, Mama," alisema.

"Munaona?" Godelive akamgeukia mgeni. "Hata matusi anakurudishia polepole."

Godelive aliuza vitenge sokoni Butembo na ulimi wake uliogopwa kutoka mwanzo wa mstari wa maduka hadi mwisho. Hakumkataa Jéthro kwa sababu ya dini, ingawa kijana alikuwa Mprotestanti na yeye alikuwa wa misa ya alfajiri. Hakumkataa kwa sababu ya mali ya mahari pia, maana mbuzi wa kijana walikuwa tayari wanalishwa Alimbongo kwa baba yake. Alimkataa kwa sababu ya tenisi yake. Joyeuse, binti mwenyewe, aliyeachwa nyumbani kulinda duka, alikuwa amelia na kusema, "Mama, minamupenda yeye, hapana tennis yake." Godelive alimjibu kwamba mwanaume anaweza kujificha mezani na kanisani, lakini mpe raketi uone.

Mchezo huo aliujua kupitia kwa marehemu mume wake. Mathe alikuwa karani wa kampuni ya kahawa huko Beni, na siku za Pentekoste, wakati Butembo na Beni zilipokutana kwa tenisi, alivaa nguo nyeupe ambazo Godelive alizipiga pasi kwa makaa tangu asubuhi. Mathe alikimbilia wavuni kila mpira. Alipiga akiruka, kutoka juu kushuka chini, na watu waliimba jina lake. Vita ilipokuja mashindano yakafa, na Mathe naye akafa, kwa homa, si kwa risasi. Sasa, katika mwaka wa tatu wa uasi, wenye bunduki walitaka dunia ione kuwa kwao kuna utulivu, wakayafufua. Katika eneo lote walilolishika hakukuwa na mashindano makubwa kuliko hayo. Na Butembo, baada ya kuchujana mwaka mzima kwenye kiwanja chake kimoja, ilikuwa imempata bingwa, naye ni Jéthro.

"Amewapiga wote?" mgeni aliuliza.

"Hapana piga!" Godelive akasema. "Yeye hapana piga mutu. Anarudisha. Unamutupia mpira, anarudisha. Unatupa tena, anarudisha, juu, polepole, sawa vile mutu anarudisha sahani ya jirani. Kiisha ule mwingine anachoka, anakasirika, anapiga kwenye miti. Njo amekwisha kushinda. Ile ni kushinda? Hata mbuzi ukimufunga kwenye kamba, anakushinda vile, juu utalala mbele yake."

"Mais Mama Godelive, kushinda ni kushinda," Muyisa alisema kutoka chini.

"Kama ni vile, oa weye mwenyewe!" Kisha, kwa kuwa kicheko kilimpa moto, akasimama juu ya magunia na kushika chuma cha turubai. "Sikilizeni, bote. Siku ile huyu Jéthro atatoka kule nyuma aende kwenye filet, pale kwa wavu, mbele ya batu, apige mpira sawa mwanaume, siku ile njo nitamuita mukwe. Nasema mbele yenu. Munanisikia?"

Walimsikia. Neno lililosemwa mbele ya lori zima halirudi mfukoni. Jéthro alitazama mikono yake.

Lori lilitoka topeni mchana. Kwenye mlango wa Beni kulikuwa na bariyeri, kamba na magogo, na pembeni yake malori mawili ya Muyisa mwenyewe, yamejaa na kutulia. Yalitoka Kasindi na chumvi, dawa, na mizigo ya wanawake wa soko la Butembo, vitenge vya Godelive vikiwemo, yakazuiliwa hapo bila sababu iliyotamkwa. Askari aliwahesabu abiria kwa fimbo. Alipoambiwa ni watu wa tenisi, alikunjua uso. Bariyeri ile ilikuwa ya Kapiteni Ariel, na Kapiteni Ariel ndiye bingwa wa Beni.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba za kampuni ya zamani ya kahawa, ambazo mabati yake yalikuwa yamehamia kambini. Udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa, mistari ya chokaa, na wavu uliozibwa matundu kwa vipande vya nyavu za samaki za Kyavinyonge. Beni ni chini kuliko Butembo, na joto lake lina harufu ya mawese. Watu wa Butembo waliingia na sweta zao na miavuli yao, wakaketi kwenye madawati ya shule upande mmoja, mikono magotini, kama wanaosubiri mahubiri. Watu wa Beni walisimama upande wa pili na ngoma, na kreti za bia, na mbiu za kila namna. Katikati yao, kwenye makochi ya velveti yaliyotolewa sebule ya mtu ambaye hakuombwa, waliketi maofisa. Hao walikuwa washabiki wabaya kuliko wote, kwa kuwa walipiga makofi kabla mpira haujatua.

Mdogo wake Godelive, Tamar, aliyeolewa Beni, alikuwa ameweka karai lake la mikate ya kukaanga nyuma ya madawati.

"Yaya, dada yangu, umemuona Kapiteni? Ona ile bega! Ule anacheza, oh, anacheza sawa Mathe yako."

"Nitamuona," Godelive alisema. "Na hii yetu, utamuona pia. Chukua kiti, utalala."

Kapiteni alikuja na kopo jipya la mipira kutoka Kampala. Alilifungua mwenyewe, akalinyanyua ili watu wasikie pumzi ya kopo inavyotoka, na Beni ikashangilia kopo. Mipira ikitoka nje, askari waliikimbilia, bunduki zikiwagonga migongoni.

Haikuhitajika kujua tenisi ili kuona tofauti. Kapiteni alipiga mpira wa kwanza kana kwamba ulimtukania mama, akaufuata mbio mpaka wavuni, akasimama pale amejitandaza, kifua mbele. Jéthro alirudi nyuma, karibu aguse ukuta wa matofali, akaurusha mpira juu, juu kabisa, ukapita kichwani kwa Kapiteni na kudondoka ndani ya mstari, polepole kama embe lililooza. Kapiteni akakimbia nyuma. Akapiga. Ukarudi. Akapiga kwa nguvu zaidi. Ukarudi. Akapiga nje.

"Oooh!" walisema maofisa, wakimpongeza kwa nguvu.

"Mwalimu, hii hapana dictée ya darasani!" mtu wa Beni alipiga kelele. "Cheza!"

"Mupatieni kitanda alale!"

"Kapiteni, muue! Muue!"

Neno hilo, mahali pale na mwaka ule, liliwafanya watu kadhaa wa Butembo kuangalia viatu vyao. Lakini hakuna aliyemtetea Jéthro. Wao ndio waliomwonea haya kuliko wote. Nyuma ya Godelive, muuza simenti mmoja alikuwa akinong'ona, "Anatupatisha haya. Batasema Butembo yote iko vile." Na Butembo yote iko vile! Watu waliojenga mji mzima kwa kurudisha, gunia kwa gunia, bila serikali kuwapa hata msumari, waliona aibu kwa mtu aliyecheza kama wanavyoishi. Walitaka ngurumo, kama kila mtu. Mgeni naye, ambaye aliwahi kuona viwanja vya majani mabichi katika miji ya wenye pesa, alijikuta akimwonea huruma Kapiteni.

Godelive hakumwonea huruma mtu. "Ona sasa," alimwambia Tamar. "Tena. Anapepeta. Iko anapepeta maharagwe, si tennis."

"Kapiteni anapendeza, lakini mipira yake yote inaruka ukuta, inaenda kule kwa mapadri," Tamar alikiri.

Jéthro akachukua seti ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama mtu amelipa ushuru. Katika seti ya pili akatangulia tena, na polepole kelele za Beni zikapungua, ngoma zikanyamaza, mpaka ikabaki sauti ya mipira tu, mmoja mkali, mmoja mpole. Kapiteni alikuwa analowa jasho. Alipiga mpira mmoja nje kwa makusudi, ukamgonga askari wake shingoni. Kisha akaja kwenye kamba ya upande wa Butembo, akacheka bila kuonyesha meno.

"Batu ya Butembo," alisema kwa sauti ya kusikika, "leo mutalala Beni, hein? Munapenda Beni? Mutalala siku mingi."

Walipobadilishana upande, Muyisa alinyanyuka na chupa ya maji. Alipita mbele ya dawati la Godelive, akamwinamia Jéthro pale pale, na Godelive akasikia kila neno.

"Mwalimu, achia. Malori."

"Yote mbili?" Jéthro aliuliza.

"Yote. Na hii ya leo pia."

Jéthro alikunywa. Alipangusa mdomo wa chupa kwa shati lake, akairudisha.

Mpira uliofuata, alikwenda wavuni.

Alikwenda kama aliyekuwa anangoja ruhusa hiyo maisha yake yote. Ile mikono mirefu, iliyokuwa imefichwa nyuma ya uwanja, ilifunguka, akaruka, akaupiga mpira kutoka juu kushuka chini, kwa mlio uliozirudisha nyuso zote mbele. Ulitua mbali nje ya mstari, na hakuna aliyejali. Madawati ya Butembo yalipinduka. Wazee wa kanisa walisimama na miavuli yao. Muuza simenti alimkumbatia mtu asiyemjua.

"Njo vile! Njo vile, Mwalimu!"

"Kumbe alikuwa nayo!"

Beni ikajibu kwa ngoma. Kapiteni naye akachangamka, akatabasamu, akapiga. Na wakawa wawili wavuni, wanapigiana usoni, wanaruka, wanaanguka, wanafagia udongo kwa magoti. Ilikuwa tamasha. Kila mpira mzuri wa Jéthro ulitoka nje kidogo, au uligonga kamba ya wavu na kurudi kwake, na kila ulipotoka watu wake walimshangilia zaidi. Alipokuwa akishinda walimdharau. Sasa alikuwa akianguka, kwa kasi na kwa uzuri, na walimpenda hadi machozi. Mgeni alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Godelive alikuwa amekaa.

"Yaya, simama, uone!" Tamar alimvuta kitenge. "Iko kwenye filet! Yeye huyu, iko kwenye filet!"

"Minamuona."

Alimwona, na aliwaona wengine. Aliisikia kelele ile, aliyokuwa ameisikia hapohapo Pentekoste nyingi, na akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekitaja kwa miaka: kwamba Mathe hakuwahi kushinda mashindano hata mara moja. Aliimbwa, akabebwa, akarudi nyumbani na nguo nyeupe zimejaa udongo, na yeye akazifua. Watu wale wale. Makofi yale yale ya kijinga. Alitema mate kando ya dawati.

"Mbuzi," alisema. Tamar alifikiri anazungumzia mahari.

Kapiteni Ariel alishinda. Kikombe alijikabidhi mwenyewe, kwa kuwa ofisa aliyepaswa kukitoa alikuwa amelewa. Alimkumbatia Jéthro mbele ya watu, akamwita ndeko, yaani ndugu, akasema Butembo ina wanaume, na akamwashiria askari mmoja kwa kidole. Askari alipanda baiskeli kuelekea bariyeri. Muyisa alifumba macho na kupumua.

Waliporudi kwenye malori, ambayo sasa yote matatu yalingoja nje ya uwanja, watu walimzunguka Godelive kabla hajaweka mguu.

"Mama, neno yako!"

"Amekwenda kwenye filet! Tumeona bote!"

"Ulisema mbele yetu! Leo utamuita mukwe, hapana kurudi nyuma!"

Aliwatazama mmoja mmoja, jinsi anavyotazama kitenge cha rangi inayotoka. "Ninyi," alisema, "mumeona nini? Munaona mpira sawa kuku anaona ndege ya abiria." Kisha akamwita Jéthro kando, nyuma ya gurudumu. Mgeni alikuwa pale, akitoa mkoba wake, kwa kuwa yeye alibaki Beni kungoja ndege, na hakuna aliyemfukuza.

"Umekwenda kwenye filet juu ya nini?"

"Juu ya malori, Mama."

"Hapana juu ya Joyeuse?"

Jéthro alifikiri. Alichukua muda wake, kama kawaida yake. "Ile neno yako, Mama, nilikuwa nimesahau. Nimeikumbuka tu wakati batu balianza kupiga kelele. Nikaona, ah, batamusumbua Mama Godelive bure. Donc, kama unataka, nitabaambia kweli. Hufungwi na kitu."

"Ungeshinda?"

"Ile Kapiteni?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kama dharau kilipita kwenye uso wa mwalimu, kidogo tu, kisha kikaondoka. "Mama, ule hajui hata kurudisha."

"Na kule mbele, ulifurahi?"

"Hapana. Kule mbele kunachosha. Batu beko banakuangalia sana."

Godelive alimtazama toka viatu hadi kichwa, udongo wa kichuguu umemkaukia magotini. Kisha akamwacha pale, akapanda lori la kwanza, lile lenye vitenge vyake na mapipa ya mawese, akajipanga juu ya marobota yake na kutoa ndizi zake za kuchoma kwenye kitambaa. Watu walijaa, wakapanda, wakatulia, wakingoja. Muyisa alishikilia mlango wa dereva bila kuufunga.

Jéthro alipanda na kwenda kuketi kama alivyoketi asubuhi, kando yake. Alikuwa na njaa. Alinyoosha mkono kabla hajaombwa, kwa mazoea.

Godelive aliufunika mkono wake wa ndizi kwa upindo wa kitenge, akageuza uso upande wa pili.

"Toka hapa!" alifoka. "Hauna haya? Utakula mbele yangu? Nenda nyuma huko, kwenye mapipa ya mawese, na uangalie barabara! Na usinitazame mpaka Butembo!"

Vigelegele vikapasuka, vya wanawake kwanza, kisha lori lote, na Muyisa akapiga bodi ya mlango kwa ngumi mara nyingi kama ngoma.

"Nyamazeni!" Godelive aliwapigia kelele. "Hapana juu ya ile filet yenu! Ile filet ni upuuzi! Siku nyingine ikimupata akili ya kwenda kule, mutamuoa ninyi!"

Hawakumsikia, au walisikia na hawakujali. Walikuwa wakiimba habari ya mpira ule wa kwanza, uliotua nje.

Malori yakaanguruma. Jéthro alikuwa amekwisha kwenda nyuma kabisa, amejibana kati ya mapipa mawili, magoti kidevuni, mgongo kwa mama mkwe wake. Kwenye bariyeri askari alishusha kamba bila kuuliza kitu. Godelive alipita bila kumwangalia, anatafuna.

Mgeni alibaki kando ya barabara na Tamar na karai lake tupu. Kutoka uwanjani ilisikika sauti ya mpira, kali, halafu kimya, kali, halafu kimya: Kapiteni alikuwa akiwaonyesha maofisa mapigo yake, na hakukuwa na mtu upande wa pili wa kuyarudisha.

"Ule Kapiteni anapendeza kweli," Tamar alisema, akipangusa mikono. "Tuende tuone tena?"